Ukungu Juu ya Muhogo wa Shangazi

Shangazi aliinua majani ya mgomba kwa mikono miwili, akayalaza kando taratibu kama anayemfunua mtoto aliyelala, na harufu ikapanda. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, mwezi wa sita, katika kijiji kimoja cha milimani huko Kasulu, na ukungu ulikuwa bado umelala bondeni kiasi kwamba ng'ombe wa jirani tuliwasikia kabla ya kuwaona. Chini ya majani kulikuwa na rundo la muhogo uliomenywa siku 4 kabla. Kila kipande kilikuwa kimeota manyoya: vingine meupe, vingine ya rangi ya chungwa, na upande mmoja wa rundo yalikuwa meusi yanayoelekea kijani.

Alikaa kwenye kigoda, akachukua kisu, akaanza kukwangua. Kipande cheupe alikikwangua chote na kukitupia kwenye ungo. Cha rangi ya chungwa alikipitishia kisu juujuu tu, kisha akakibonyeza kwa kidole gumba kuona kama kimelainika hadi ndani. Cheusi alikinusa kwanza, akakivunja, akatazama moyo wake, na mara nyingi akakitupa shimoni bila kusema neno.

Mimi ndiye niliyesema.

"Shangazi, huo ukungu ni sumu. Ungetupa muhogo wote huo."

Hakuinua kichwa. "Upi?"

"Ukungu, shangazi."

"Nimekusikia, baba. Nauliza upi. Hapa ziko aina tatu, na huu wa rangi ya chungwa ndio uliokulea wewe, ukamlea na baba yako."

Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka 11 katika hospitali moja ya mkoa wetu wa Kigoma. Nimesomea vimelea, nimefundisha vijana wa mafunzo kwa vitendo kuvitofautisha, na watu wa mtaani kwetu huniuliza mimi kabla ya kwenda kumwona daktari. Pale uani sikuwa na jibu. Nilichukua kisu cha pili nikamsaidia kukwangua.

Zimepita wiki 7, na neno lile moja, "upi", halijaniacha.

## Kuvunda na kuvundika

Lugha yetu inavipa jina moja vitu viwili: mvuke unaofunika milima ya Buha alfajiri, na vumbi linaloota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini. Vyote ni ukungu. Vyote huja usiku, na hakuna anayeviona vikianza. Lakini lugha hiyohiyo ina uangalifu mkubwa mahali pengine. Kitu kikivunda, kimemponyoka mwenyewe. Kikivundikwa, kiko chini ya uangalizi wa mtu anayejua anangojea nini. Ndizi huvundikwa ziive, muhogo huvundikwa ulainike, na tofauti ya silabi moja inabeba jiko zima la bibi zetu.

Chuoni nilijifunza neno la tatu, fangasi, ambalo kwa watu wengi lina maana moja tu: ugonjwa. Mapunye kichwani mwa mtoto, fangasi za miguuni, utandu mweupe kinywani mwa kichanga. Nilitoka chuoni nikiwa na neno hilo kubwa, na bila kujua nikalitumia kufuta yale mengine mawili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza niliyoifanya niliporudi mjini ilikuwa kutafuta ukweli kuhusu ule wa rangi ya chungwa.

Muhogo mchungu una linamarini, ambayo ikivunjwa hutoa sianidi. Kimeng'enya cha kuivunja kimo ndani ya muhogo wenyewe, ila kimekaa katika kuta za seli, na linamarini imo ndani ya seli, na viwili hivyo hukutana pale tu tishu inapoharibiwa. Kuvu, yaani fangasi, zinapoota juu ya vipande hulainisha tishu hizo, vitu hivyo viwili hukutana, na sianidi hutoka kama hewa. Utafiti uliofanywa Uganda katika miaka ya 1990 juu ya muhogo unaovundikwa kwenye rundo ulionyesha kuwa kiasi cha sumu hiyo hupungua sana kwa njia hii, na miongoni mwa kuvu zilizokutwa kazini ilikuwamo Neurospora sitophila, ambayo rangi yake ni ya chungwa. Mahali ambapo muhogo mchungu huliwa kwa wingi bila kuandaliwa ipasavyo, watu hupata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na kuiacha hivyo maisha yote. Nchini kwetu uliwahi kuzuka Tarime katika miaka ya 1980.

Huu ndio uliokulea wewe.

Nilikuwa nimeisikia sentensi hiyo kama msemo wa mzee anayetetea mazoea yake. Sasa niliiona kuwa ni taarifa.

## Mwezi uliovaa duara

Katika wiki ya pili, daktari wa zamu alituletea maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa aliyeumwa kichwa kwa muda mrefu. Nilitia tone moja juu ya kioo, nikalichanganya na tone la wino mweusi, nikafunika, nikatazama. Katika giza la wino zilionekana seli za mviringo, kila moja imezungukwa na duara jeupe pana, mfano wa mwezi unapovaa duara usiku wa kuamkia mvua.

Hiyo ni Cryptococcus neoformans. Nimeiona mara nyingi, kwa sababu huwashambulia zaidi watu ambao kinga yao imekwisha kudhoofishwa na VVU, na kila nilipoiona nilifanya yaleyale: niliandika matokeo, nikampigia daktari simu, nikanawa mikono. Safari hii nilibaki nimeinamia hadubini. Silaha hizi kuvu hii imezipata wapi, na iliziunda kwa ajili ya nani?

Duara lile ni koti la sukari linaloifanya iwe vigumu kumezwa na chembe nyeupe za damu. Katika ukuta wa seli huweka pia melanini, rangi ya ukoo mmoja na ile inayotia weusi ngozi zetu, na huitengeneza kwa kutumia molekuli ambazo ubongo wa binadamu unazo tele. Mtu angedhani ni kiumbe kilichoumbwa kutuangamiza. Lakini makazi yake ni udongo, magogo ya miti na vinyesi vya njiwa. Kwa kawaida haitoki kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, kwa hiyo mwili wa binadamu kwake ni njia iliyoziba. Maelezo ambayo watafiti wengi wanayaunga mkono ni kwamba silaha hizo zilinolewa katika vita vya udongoni, dhidi ya amiba wanaomeza kuvu kama chembe zetu nyeupe zinavyozimeza. Sisi tumeingia katika ugomvi usiotuhusu.

Dawa inayotibu ugonjwa huo nayo ina asili ya udongoni. Amfoterisini B ilitokana na bakteria, Streptomyces nodosus, waliopatikana katika udongo wa kando ya mto Orinoco, Venezuela, katika miaka ya 1950. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja kubwa ya aina yake mpya, pamoja na dawa nyingine mbili za kumeza, baada ya majaribio yaliyofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Hata nistatini, yale matone ya manjano ambayo kila mama aliyelea kichanga mwenye utandu anayafahamu, ilitoka kwa bakteria wa udongo wa shamba la ng'ombe huko Virginia. Walioipata ni wanawake wawili Wamarekani, Elizabeth Lee Hazen akiwa jijini New York na Rachel Fuller Brown akiwa Albany, ambao walikuwa wakitumiana sampuli kwa posta hadi walipotangaza dawa hiyo mwaka 1950. Nimewahi kugawa chupa nyingi za dawa hiyo kwa majirani bila kuwafikiria hata siku moja.

Ni vigumu kupata dawa ya kuvu kwa sababu moja inayoshangaza. Kuvu ni ndugu wa karibu zaidi wa wanyama kuliko wa mimea. Seli zake zimejengwa kama zetu, na kinachomdhuru ndugu huweza kukudhuru nawe.

## Rangi na kazi yake

Shangazi alichambua kwa rangi. Jambo hilo ndilo lililonifanya nisome, usiku baada ya usiku, kazi za Axel Brakhage, mwanamikrobiolojia wa Ujerumani ambaye kwa miaka mingi ameongoza taasisi ya Hans Knöll mjini Jena, na ambaye ameshughulika na mambo mawili kwa pamoja: kuvu zinazosababisha magonjwa, na kemikali asilia ambazo kuvu hizo hutengeneza.

Aspergillus fumigatus huishi katika majani yanayooza, na sote twazivuta spora zake, zile chembe laini za uzazi wake, kila siku bila kudhurika. Mtu mwenye kinga dhaifu huweza kufa kwa sababu yake. Spora hizo zina rangi ya kijivu inayoelekea kijani. Mwaka 1997, kabla hajahamia Jena, Brakhage na wenzake walieleza habari za aina iliyopoteza rangi, ambayo spora zake ni nyeupe. Uso wa spora hizo ulikuwa laini badala ya kuwa na vijinundu, seli za kinga zilizishambulia kwa urahisi zaidi, na panya walioambukizwa walinusurika zaidi ya wale walioambukizwa kuvu yenye rangi. Baadaye ilieleweka kuwa rangi ile ni aina ya melanini, na kwamba huzuia kile kifuko cha seli kinachoimeza spora kisijae asidi ya kuiyeyusha.

Rangi ni ngao.

Nilisimama, nikazunguka chumba. Kisha nikajizuia, maana ilikuwa rahisi sana kukimbilia kusema kwamba wanawake wa Kasulu waligundua jambo hilo kabla ya Wajerumani. Hawakuligundua. Ukungu mweupe juu ya muhogo si ile kuvu iliyopoteza rangi maabarani, na weusi wa kipande kimoja huweza kuwa kazi ya kuvu kadhaa zisizohusiana. Kilichonigusa ni kidogo zaidi, lakini nakiona kikiwa imara: mimi nilikuwa nimefundishwa kuiona rangi ya kuvu kama alama ya kuitambulia tu, na shangazi alikuwa akiitazama kama dalili ya kitu kinachoendelea.

Aspergillus fumigatus hutoa pia gliotoksini, kemikali inayolemaza seli za kinga na kumrahisishia njia mvamizi. Nilipokuwa nikisoma habari hizo nilikumbuka saiklosporini, ambayo nayo hutoka kwa kuvu, Tolypocladium inflatum, iliyopatikana katika udongo wa uwanda wa juu wa Hardangervidda nchini Norway. Saiklosporini pia hupunguza kinga ya mwili, na kwa sababu hiyohiyo imewawezesha watu waliopandikizwa figo kuishi nazo. Kazi inafanana kwa kiasi kikubwa. Mmoja anazikwa, mwingine anarudi nyumbani kwa wanawe.

## Ikiwa peke yake hunyamaza

Sehemu hii ndiyo iliyonibadilisha, na naomba msomaji avumilie urefu wake.

Jamii ya Aspergillus ilipoanza kusomwa jeni zake zote, matokeo yakichapishwa mwaka 2005, watafiti walikuta mafungu ya jeni za kutengeneza kemikali ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Kuvu moja huweza kuwa na mafungu zaidi ya 50 ya namna hiyo, ilhali maabarani, ikiwa imelishwa sukari na kuachwa peke yake kwenye sahani safi, hutumia machache tu. Mengine yamekaa kimya. Uwezo upo, lakini hauna sababu ya kutumika.

Mwaka 2004, Jin Woo Bok na Nancy Keller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walikuwa wamekwisha kueleza jeni moja, laeA, inayofanya kazi kama mwenye funguo wa vyumba vingi. Walipoiondoa, Aspergillus nidulans haikuweza tena kutengeneza sterigmatosistini, ambayo ni sumu inayosababisha saratani na ni jamaa wa karibu wa sumukuvu ya mahindi yetu. Ilishindwa pia kutengeneza penisilini. Jeni za kutengeneza lovastatini, dawa ambayo watu humeza kupunguza lehemu kwenye damu, nazo zilikwama.

Niliisoma aya hiyo mara nne. Sumu ya saratani, dawa ya vidonda na dawa ya moyo, zote nyuma ya ufunguo mmoja.

Kisha likaja jaribio la mwaka 2009. Kundi la Jena lilichukua aina 58 za bakteria wa udongo, wa ukoo wa wale wanaotupatia dawa nyingi, na kuwaotesha mmoja mmoja pamoja na Aspergillus nidulans. Aina moja ya Streptomyces iliamsha fungu la jeni lililokuwa limelala, na kuvu ikaanza kutoa asidi ya orselini na jamaa zake, ikiwamo kemikali ambayo kwa kawaida hujulikana kutoka kwenye kuvumwani, ule ubamba wa kijivu unaoota juu ya mawe. Watafiti walidhani pengine bakteria wanatoa kitu kinachosambaa majini. Wakavitenganisha viumbe hivyo kwa utando unaopitisha molekuli lakini usioruhusu miili kugusana.

Kuvu ikanyamaza tena.

Ilihitaji kuguswa. Bakteria walipaswa kuilalia kabisa, mwili kwa mwili, ndipo ijibu.

Nimetumia miaka 11 kutenganisha. Kazi yangu ni kuchukua kitu kilichochanganyika, makohozi, usaha, mkojo, na kukitenga hadi nibaki na kiumbe kimoja safi chenye jina. Bila kutenganisha hakuna utambuzi, na bila utambuzi mgonjwa hupewa dawa kwa kubahatisha, kwa hiyo siidharau kazi hiyo hata kidogo. Lakini nilikuwa nimeuchukua utaratibu wa maabara nikaufanya kuwa maelezo ya dunia. Nilidhani nikishajua jina la kuvu nimejua itafanya nini. Nilipomwambia shangazi "huo ukungu ni sumu", nilikuwa nikizungumzia kuvu ya kwenye sahani, wakati yeye alikuwa amekaa mbele ya rundo lenye bakteria, hamira na kuvu za rangi tatu, zikigusana usiku kucha katika joto la majani ya mgomba.

## Mahali jicho linaposhindwa

Ingekuwa vizuri kuishia hapo na kumpa shangazi ushindi wote. Siwezi, kwa sababu ya watu wa Dodoma na Manyara.

Mwaka 2016, katika mikoa hiyo miwili, watu 20 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Walikuwa watu wa familia za wakulima kama sisi, zenye macho kama ya shangazi yangu. Aspergillus flavus hutoa aflatoksini kwa kutumia jeni takriban 25 zilizokaa pamoja, lakini si kila aina yake inatoa. Ziko aina ambazo jeni hizo zimekatika au zimeharibika, nazo huota kwa rangi ileile ya kijani yenye umanjano, na hakuna kidole gumba wala pua inayoweza kuzitofautisha. Sumu yenyewe haina rangi wala harufu ya kumwonya mlaji, na kupika ugali hakuiondoi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa mahindi na karanga katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo moja. Hakuna ungo unaochekecha mikrogramu.

Ini lenyewe ndilo linaloikamilisha sumu hiyo. Katika juhudi zake za kuitoa mwilini, huigeuza kuwa umbo linalong'ang'ania vinasaba, na mtu mwenye homa ya ini aina ya B huingia katika hatari iliyozidishwa mara nyingi. Hapa mkoani kwetu, ambako homa hiyo si ngeni kwa wataalamu wa maabara, jambo hili hulifikiria kila ninapomwona mgonjwa aliyevimba tumbo.

Ajabu ni kwamba kinga mojawapo iliyopatikana inatumia zile aina zisizo na sumu. Hupakwa kwenye punje za mtama zilizouawa kwa joto ili zisiote, punje humwagwa shambani kabla mahindi hayajatoa hariri, na kuvu isiyo na sumu huiwahi nafasi ile yenye sumu. Imekwisha kusajiliwa nchini kwetu kwa jina la Aflasafe TZ01. Kuvu inazuiwa na ndugu yake. Swali la shangazi, "upi", ndilo msingi wa teknolojia hiyo nzima, ila jibu lake linahitaji vifaa ambavyo yeye hana.

## Kuku wa jirani

Lipo jambo ambalo nilitamani kuliacha, na kwa kuwa limenisumbua kuliko mengine yote naliandika.

Miaka 3 iliyopita, jirani yangu wa Mwanga, mtaani kwetu, mjane anayesaga karanga na kuziuza kwa vikombe, aliniletea gunia lililonyeshewa njiani. Aliniuliza afanye nini. Nilimwambia achambue, aziondoe zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, na ushauri huo ulikuwa mzuri, kwa kuwa karanga za namna hiyo ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu. Akaniuliza tena azipeleke wapi alizoziondoa. Nilimwambia awape kuku.

Nilisema hivyo kwa wepesi, nikiwa nafunga lango langu.

Aflatoksini yenyewe iligunduliwa kwa sababu ya ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, hadi ilipoonekana kuwa walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota Aspergillus flavus. Habari hiyo imo katika kurasa za mwanzo za somo lolote la sumukuvu. Niliifanyia mtihani na nikafaulu. Na bado nilimwambia mama yule awape kuku wake, ambao mayai yao aliwapikia wajukuu.

Mwezi uliopita nilimwendea. Nilimsalimia, nikaketi, nikamweleza kwamba ushauri wangu wa siku ile ulikuwa na kosa, na kwamba karanga mbovu huzikwa au huchomwa, hazipelekwi kwa mnyama wala hazisagwi kwa ajili ya mtu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema kuku wale walikufa wengi mwaka ule, naye alidhani ni kideri.

Huenda kweli kilikuwa kideri. Nilitembea kurudi nyumbani polepole sana.

## Bahasha tatu

Katika wiki ya tano nilipanda gari kwenda Kasulu. Nilimwambia shangazi kwamba alikuwa na haki kuhusu ule wa rangi ya chungwa, na nikamweleza habari ya sianidi. Nilimwomba asikinuse tena kipande cheusi wala asikivunje karibu na uso, kwa sababu vumbi lile huingia mapafuni. Tulizungumza juu ya uchanja wa kuanikia, kwa kuwa vipande vyake hukaushwa chini, na vikichelewa kukauka ndipo kuvu nyingine hupata nafasi. Uchanja aliukubali. Katika kunusa alisema atajaribu, ila kisu peke yake hakimwambii kila kitu.

Niliondoka na vipande vitatu katika bahasha tatu za kaki. Kwa idhini ya msimamizi wangu, nilichukua chembe kutoka kila kipande na kuziotesha katika sahani, kwanza kila rangi peke yake, kisha mbili mbili katika sahani moja. Ile ya chungwa ilifika ukingoni mwa sahani siku ya pili, ikanitia hofu kwamba itavamia kabati zima. Nyeupe ilienda taratibu. Siku ya nne, katika sahani waliyowekwa pamoja, ya chungwa na nyeusi, mahali zilipogusana palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya kahawia, kama mpaka uliochorwa kwa chai. Katika sahani za peke yake mstari huo haukuwapo, si kwa huyu wala kwa yule. Hatuna mashine ya kusema umetengenezwa na nini. Niliupiga picha, nikazifunga sahani zote, nikaziteketeza kwa mvuke wa joto kama utaratibu unavyotaka.

Wiki iliyopita shangazi alikuja mjini kwa ajili ya macho yake. Jioni, baada ya chakula, nilimwonyesha picha katika simu. Aliisogeza mbali, akaikaribisha, akaupitishia kidole ule mstari.

"Hiki cheusi ulikitoa juu ya rundo au chini?"

Nilikwenda kuzitazama bahasha. Nilikuwa nimeandika tarehe, rangi na jina la kijiji.

"Cha chini huwa na maji, hakipati hewa," alisema. "Weusi wake si kama weusi wa juu. Ulipaswa kuniuliza nilipokuwa nakupa."

Mwishoni mwa mwezi wa nane atamenya tena muhogo. Ameniambia nifike siku ya kufunika, nisingoje siku ya kufunua.